Watu Hawahesabiwi

Uvira, Kasenga, Jumatano tarehe 8 Machi 2000

Mama mdogo Generose,

Amani ikufikie hapo mteremkoni, na mvua ikuachie nafasi ya kukausha kazi yako.

Barua hii anakuletea jirani yako Pélagie, mwuza mawese, atakapopanda kesho. Nimemwomba aiweke juu kabisa ya kapu, mahali panapoonekana. Kwenye bariyeri zote mbili, vile vizuizi vya barabara ya Fizi, wanafungua kila karatasi, na nimegundua kwamba kilichofichwa ndicho kinachotafutwa. Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Katika barua zetu hatutataja jina la mwenye silaha yeyote, wa upande wowote. Hatutataja vita. Tutaandika maneno mepesi, ili kila atakayesoma aone kwamba hakuna kitu.

Sasa neno lenyewe. Bwana Anastase, mkuu wa biro, ofisi yetu ya utamaduni, ametuamuru tuandike orodha ya mahali ambapo wageni wanaweza kutembelea. Inasemekana wakubwa wataleta watu kutoka Bukavu wakati wa Pasaka, waone kwamba huku maisha yanaendelea. Tumekaa siku tatu na orodha ina mahali pawili tu, na pamojawapo tayari paliungua.

Nimefikiria bustani yako ya sanamu. Najua hupendi kelele, lakini nisikilize. Mwezi uliopita walevi walitupa mawe wakavunja mkono wa sanamu ya baba mdogo Sévère. Kabla ya hapo mtu mwenye buti alivua koti la sanamu ya mwalimu akaenda nalo. Utamshtaki kwa nani? Huna karatasi. Na unajua kuliko mimi kwamba wanaopanda kwako hawana kaburi. Mtu wao alizama, au alikimbia asirudi, au alizikwa na watu wasiomjua. Sanamu ile ya udongo, iliyovaa shati lake, ndiyo mahali pekee wanapoweza kwenda kumwambia habari za nyumbani. Zikivunjwa, watakwenda wapi?

Bustani ikiingia kwenye orodha itapewa kibao chenye kashe, muhuri wa biro: hapa panatembelewa, na taratibu ni hizi. Anayetaka kuvunja sanamu ataogopa kashe. Mimi mwenyewe naogopa kashe kuliko bunduki, kwa sababu bunduki inaweza kukosa.

Niandikie taratibu zako, jinsi unavyotaka mgeni aingie na atoke. Nitazipanga vizuri.

Claire mke wangu anakusalimu. Ni mzima, na habari nyingine bado hakuna, usiulize.

Mwanao,
Jean-Berchmans Ciza


Mteremkoni, njia ya Makobola, tarehe 15/3/2000

Ciza mutoto wangu,

Barua yako ilifika. Iko na alama ya kidole kwenye pembe, ya mafuta ya samaki, njo najua ilisomwa na mutu alikuwa anakula. Pélagie anasema alipokupatia salamu yangu ulifunga kwanza mulango, halafu ukaitika. Weye uko vile tangu mudogo. Ulikuwa unaogopa hata kuku ya jirani, unazunguka nyumba nzima ili usipite mbele yake.

Neno ya kibao nasikia. Sikatai. Lakini kuko neno moja utaifuta. Umeandika «sanamu» mara tano, nilizihesabu, hizo zinaruhusiwa kuhesabiwa. Usiiandike tena. Mwaka jana muhubiri mumoja alikuya hapa na bantu ya kanisa yake, iko na nyundo. Anasema Generose anachonga sanamu, na Mungu alikataza sanamu. Nilisimama mbele ya bwana yangu Sévère, nikamwambia: «Pasta, hapa hakuna sanamu. Hapa iko bantu. Huyu alikuwa anakoroma na minye nilikuwa namupiga kiwiko. Nani anaabudu mwenye kukoroma?» Bantu yake mwenyewe walicheka, akashusha nyundo. Sasa ukiandika neno ile kwenye kibao na kashe ya serikali, atarudia na nyundo mukubwa, na iko na haki. Hapa tunasema bantu. Na weye andika bantu, ao kwa Kiswahili yako ya masomo, watu.

Taratibu njo hizi. Mugeni apite kwenye njia, asikanyage mihogo yangu. Asalimie kwanza, kila mutu mbele yake, kama haujui jina sema tu «amani». Akuye mukono mutupu. Hatuleti chakula, hatuleti makuta, hawa hawanunui kitu. Kama iko wa jamaa, anaweza kuleta nguo, ikuwe imefuliwa. Asiguse uso. Uso njo kazi ngumu, mimi natumia wiki mbili, na kidole ya mugeni inatumia dakika moja. Siku ya mvua asikuye, udongo ya kichuguu inakuwa laini na bantu wanaanguka wakiegemewa. Mwenye kupiga picha aombe jamaa, si minye. Vifungo nilivyoweka kuwa macho wasing'oe. Mwenye bunduki aiache kule chini kwa barabara.

Na ya mwisho, kubwa kuliko zote. Asihesabu. Bantu hawahesabiwe. Mama yetu, minye na mama yako, alikuwa anasema ukihesabu batoto, kifo nayo ilisoma hesabu. Minye mwenyewe sijue ni ngapi. Nikimaliza mumoja ninasimamisha, ninaanza mwingine.

Salimia Claire. Siulizi. Lakini naomba.

Mama mudogo yako,
Generose


Uvira, Kasenga, Alhamisi tarehe 6 Aprili 2000

Mama mdogo Generose,

Nilifika nyumbani salama Jumapili ile nilipopanda kwako, nguo zikiwa na udongo hadi magotini, na Claire alinicheka kwamba nimerudi kama mmoja wa watu wako. Sikuwa nimepanda kwako tangu kabla ya Noeli. Kutoka barabarani nilishtuka. Wamesimama katikati ya mihogo wakiwa na makoti na kofia, wakitazama chini, na kwa dakika nzima sikuthubutu kupanda. Nilijua ni akina nani, na bado nilirudi hatua mbili. Ulipokuja kunishika mkono ulisema, «Salimia, basi, banakuona.» Nikasalimia. Kwa baba mdogo Sévère nilikaa zaidi. Mkono wake mpya ni mzuri kuliko wa kwanza.

Lazima niungame jambo. Ulipoona midomo yangu inatikisika ukadhani nasali, na ukasogea pembeni kwa heshima. Sikuwa nasali. Nilikuwa nahesabu. Bwana Anastase alikuwa ameniambia kwamba biro haijui kitu kisicho na idadi. Nisamehe. Nimeandika idadi kwenye fishi, ile kadi ya biro, lakini haitakuwa kwenye kibao.

Mchoraji wa kibao yuko tayari, anangoja maneno. Nimeyapanga hapa chini pamoja na maelezo ya fishi, uyasome uniambie kama kuna kosa. Nimeandika kwa uwazi, ili atakayefungua bahasha njiani asidhani kuna siri. Neno ulilokataza halimo, hata mara moja.

«Mahali: mteremko juu ya barabara, kabla ya kufika Makobola. Watu ni arobaini na watatu, wanaume ishirini na tisa, wanawake kumi na wanne. Wanasimama kwenye mihogo na wanatazama barabara. Hawaondoki mchana wala usiku. Wengi wamevaa nguo za waliokufa. Anayewatunza ni mama Generose, na wengine wanaendelea kuongezwa. Anayekuja kwao apite njia moja tu, ajitambulishe kwa salamu, aje mikono mitupu, silaha ibaki barabarani. Asiwaguse. Asipige picha bila ruhusa ya jamaa. Siku ya mvua asipande.»

Naona yamekaa vizuri. Ukikubali, Pélagie aniletee jibu Alhamisi ijayo na kibao kitapakwa rangi kabla ya Jumapili ya Matawi.

Pélagie amekuja hapa leo amelowa mvua hadi mifupani. Claire amemvua sweta yake, ile tiriko ya njano, na kuitundika kwenye kamba, na kumpa kikwembe, kitenge kikavu, arudi nacho. Anasema tiriko ibaki, ataifuata wiki ijayo. Amesimama mlangoni ananiambia nimalize, barua ndefu hivi ni ya kuoa.

Mwanao,
J.-B. Ciza


Mteremkoni, tarehe 11/4/2000

Ciza,

Hii napatia Gédéon, mwenye kusukuma unga wa mihogo kwa velo, baiskeli yake. Pélagie hajarudi. Alishuka kwenu Alhamisi, leo ni Jumanne. Mulango yake imefungwa, mbuzi yake inalia, nimeileta kwangu. Labda iko na homa, mumemulaza kwenu? Niambie. Haina mutu mwingine wa kumuuliza, jamaa yake ni minye na ile mbuzi.

Barua yako kama ulituma, sijaiona. Kibao sijaiona.

Jana bantu wawili walikuya, sikuwajua. Hawakusalimia. Walisimama kule chini kwa barabara wanaangalia juu na kitu ya kuvuta macho karibu, halafu wakaenda. Nikasema, njo wageni wa Bukavu wameanza.

Niko natengeneza mutu mupya. Sitakuambia ni nani, utamujua ukimuona. Iko na shida ya miguu, haitaki kusimama. Nimemuegemeza na kijiti.

Generose


Uvira, Alhamisi tarehe 13 Aprili 2000

Mama mdogo,

Ninaandika upesi, Gédéon ananingoja.

Claire amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima. Tulinyamaza siku zote hizi kwa kuogopa maneno ya watu. Claire yuko kwa mama yake, Songo, na anakulilia wewe. Acha kazi zote, acha udongo ukauke, ushuke leo hii. Pita ufukweni, barabara ina matope. Lala Songo, kaa Songo, mtoto anahitaji mikono yako kwa wiki mbili au zaidi.

Pélagie ni mzima. Ana shughuli kidogo mjini.

Usikawie, nakuomba.

J.-B.


Mteremkoni, Ijumaa tarehe 14/4/2000

Baba ya mutoto!

Nilisoma barua yako nimesimama, nikapiga vigelegele mbele ya bantu wote, Gédéon akaangusha velo. Miaka ine! Na ulinificha, minye, mama mudogo yako. Nakusamehe juu ya furaha. Nilizunguka nikawaambia mumoja mumoja. Sévère nilimuambia mara mbili, unajua sikio yake.

Leo siwezi. Kwa bantu yangu tunaenda mukono mutupu, lakini kwa muzazi hapana, hiyo ni haya. Kesho Jumamosi, siku ya Posho, ni soko kule Makobola. Nitaenda mapema nitafute kuku ya muzazi, yenye mafuta, na sabuni, na kitambaa ya kubebea. Siku ya Matawi asubuhi minye iko kwenu Songo. Claire anywe maji ya moto, na asishike maji ya baridi.

Yule mutu yangu mupya amemaliza kukauka. Anasimama na kijiti yake. Atangoje hapa, nitamuonyesha baba ya mutoto.

Jina ni nani?

Generose


Uvira, Jumanne tarehe 18 Aprili 2000

Mama mdogo Generose,

Sijui kama kuna mtu wa kufungua bahasha hii. Gédéon amekataa mara mbili kuichukua. Leo amekubali, akasema ataiacha kwenye kanisa la Makobola, kwa katekista André. Safari hii imefichwa. Nimeishona ndani ya mfuko wa unga.

Hakuna mtoto. Claire hakujifungua na hana mimba. Claire hajui niliandika hivyo. Nilitafuta neno litakalokutoa mteremkoni bila mtu wa bariyeri kulielewa, na sikupata jingine. Barua yako ya vigelegele ilinifikia Jumamosi saa sita mchana. Niliposoma kwamba ungeshuka Jumapili, tayari nilikuwa nimechelewa.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio sitaweza.

Barua yangu ya tarehe 6 ilifunguliwa kwenye bariyeri ya pili. Jumatano tarehe 12 watu wawili walikuja biro wakaniita jina langu kamili. Walinipeleka kwenye nyumba moja ambayo sitaitaja. Afisa alikuwa na barua yangu mezani, imenyooshwa vizuri, na chini ya mistari fulani alikuwa amepiga kalamu nyekundu. Aliisoma kwa sauti. Mama mdogo, nilisikia maneno yangu kwa mdomo wa mtu mwingine na nikayaogopa. Watu arobaini na watatu. Wanatazama barabara. Hawaondoki mchana wala usiku. Njia moja. Wengine wanaongezwa.

Akaniuliza wanakula nini.

Nikasema hawali, ni udongo. Alicheka, na wenzake wakacheka. Akasema watu wake waliwaona kwa macho, wana makoti na kofia. Akaniuliza kama nimesoma. Nikasema nimemaliza masomo ya sekondari. Akauliza, «Karani aliyesoma hajui tofauti ya mtu na sanamu?» Nilianza kumweleza habari za mhubiri na nyundo, nikasikia mwenyewe jinsi zinavyosikika. Akanipa karatasi: mimi Ciza nathibitisha kwamba niliandika neno «watu» kwa mkono wangu na kwamba niliwahesabu mwenyewe. Sentensi ile ilikuwa kweli. Hakuna herufi ya uongo ndani yake. Nikasaini.

Kuna kingine, na hicho ndicho kinachonizuia kulala. Pélagie alikuwa pale, kwenye baraza ya nyuma, ameketi chini, hana viatu, bado amejifunga kikwembe cha Claire, na tiriko yake ya njano ingali kwetu, kwenye kamba Claire alipoitundika. Alikuwa pale tangu Alhamisi. Aliponiona alisimama. Akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, «Karani, si uwaambie ni udongo. Minye wamekataa kunisikiliza, weye iko na masomo.» Afisa akanigeukia akauliza huyu ni nani kwangu.

Nikasema, «Ni mwuza mawese tu.»

Nilitaka kumwokoa. Nilifikiri kwamba wakijua ni mjumbe wetu, mtu wa nyumbani, atakuwa na hatia yangu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nilisikia lile «tu», na yeye alilisikia. Akaketi tena. Mtu asiye na wa kumdai hana sababu ya kurudishwa. Mimi waliniachia nitoke kwa mlango wa mbele, na niliwaambia asante.

Jumamosi asubuhi tulisikia milio upande wa kusini. Haikuchukua muda mrefu.

Jana Bwana Anastase aliniita kwenye mashini ya kupiga chapa. Biro yetu ndiyo yenye mashini inayoandika bado, kwa hiyo matangazo yanapigwa kwetu. Alinisomea, nikapiga: maficho yamevunjwa kwenye mteremko kabla ya Makobola, maadui waliouawa ni arobaini na wanne, upande wetu hakuna aliyeumia. Nikasimamisha vidole. Nikamwambia polepole, Bwana mkuu, wale ni wa kwenye fishi yetu, wale wa orodha ya wageni. Akafunga dirisha kwanza. Akasema, «Unataka niandike kwamba jeshi limepigana na udongo? Piga.» Nikapiga.

Lakini si arobaini na wanne. Niliwahesabu mara mbili, siku ile uliponidhania nasali. Ni arobaini na watatu. Tangu jana nimekaa na huyo mmoja. Naamka naye na nalala naye. Walipofika juu kulikuwa na mtu mmoja zaidi ya hesabu yangu, na aliyekuwa akiishi huko ni wewe.

Kama uko hai, niandikie neno moja. Hata tusi.

Jean-Berchmans


Makobola, Jumapili tarehe 30/4/2000

Ciza,

Barua yako nilipewa na katekista André siku ya Pasaka, imejaa unga. Nilikaa nayo wiki moja juu mukono ilikuwa haitaki kuandika.

Minye iko hai. Nilikuwa sokoni, natafuta kuku. Nilikuwa nashikashika kifua ya kuku kuona kama iko na mafuta, mwenye kuuza ananicheka anasema mama, unaoa kuku? Tukasikia. Watu wakalala chini na minye nikalala na kuku ndani ya mikono. Kama mutoto yako angekuwa wa kweli, na minye ningekuwa mwepesi kama ulivyosema, ningekuwa Songo. Kama usingeandika kitu, ningekuwa nyumbani. Ulinidanganya na uongo ikaniokoa kwa njia yake yenyewe, haikufuata yako.

Lakini ulitumia tumbo ya Claire kama bahasha. Hiyo sijaimeza. Nilizunguka kwa wafu wote nikawaambia mutoto amezaliwa. Sasa nitazunguka tena niwaambie nini?

Nilipanda juu siku ya tatu, na jamaa wengine. Hakuna aliyesimama. Vichwa viko ndani ya mihogo. Shati la mwalimu iko na matundu, na matundu hayana damu, njo kitu ilinitia baridi zaidi. Sévère alipasuka kifua, nikaona nyaya za velo nilizoweka ndani, nikakumbuka siku nilizipinda. Wenye jamaa walikuwa wanatafuta vipande vyao. Mama mumoja alitambua mwana wake kwa kifungo ya jicho. Alisema, sasa amekufa mara mbili, na mara hii nimemuona.

Wa arobaini na ine unamutafuta, usilale naye tena. Ni weye. Yule mutu mupya mwenye miguu mubaya. Nilikutengeneza na kalamu kwenye sikio, na ile shati ya blu uliacha hapa wakati wa masomo. Nilitaka nikutanie ukikuya Pasaka. Nilisema, nitamusimamisha mbele kabisa, karibu na njia, atazoea kuogopa. Kwa hiyo walianza na weye. Kichwa yako sijaipata.

Hesabu yao ilikuwa sawa. Wote walikuwa udongo, mumoja mumoja. Pélagie hawakumuhesabu.

Walikuya naye, awaonyeshe njia. Kuko mutu alikuwa amejificha ndani ya mihogo na aliona, akaniambia, njo minye nasema. Pélagie alitangulia. Alipanda mbele yao mukono mutupu, anasalimia kila mutu kwa jina, kwa nguvu, ili wasikie: amani Sévère, amani mwalimu, amani mama Geneviève. Alifika kwako akacheka. Akasema, ah, Karani, na weye uko hapa? Akageuka akawaambia, muangalie, akakupiga kifua na ngumi, ko, ko, wasikie ni udongo mukavu. Kijiti yako ilitoka. Uliinama. Mutu mumoja kule nyuma aliona shati inatembea, akaanza kupiga, na wote wakapiga.

Tulimuzika karibu na mulango yake. Kikwembe ya Claire tulimuacha nayo.

Usiniambie sasa uliogopa. Minye ninajua. Nimekujua kabla ya kashe na kabla ya biro. Na usiniombe nikusamehe kwa barua, juu barua zetu nimezichoka. Zimesomwa na watu wengi sana.

Kibao sitaki. Nimeanza tena. Nimemwaga maji juu ya vipande, udongo ni ule ule, unakubali. Wa kwanza ni Pélagie. Haina nguo ya kuvaa. Nyumba yake ilifunguliwa na wakabeba vyote. Lakini uliandika tiriko yake ya njano iko kwenu, Claire aliitundika kwenye kamba. Ikunjwe. Uilete weye mwenyewe, usimpatie Gédéon.

Taratibu unazijua, nilikuandikia. Pita njia. Mukono mutupu, tiriko tu. Mvua ikinyesha ngoja chini. Uso usiguse, ungali mubichi. Na midomo yako nitaiangalia.

Lakini kwako naongeza moja. Ukifika mbele yake hautasema «amani» na kupita. Utasimama na utasema kwa nguvu huyu ni nani kwako. Minye nitakuwa pembeni nakanda udongo, sitageuka, lakini nitasikia. Ukimaliza utamuvalisha.

Kuku iko hapa, imeanza kutaga. Utaipelekea Claire. Usimwambie ilikuwa ya nini. Ibebe kwa kuishika miguu, haiumi.

Kuya, Ciza. Miguu ya Pélagie ilisimama mara ya kwanza, bila kijiti.

Mama mudogo yako,
Generose